Wimbo Wako Umenikwamisha Bukene

Mama, shikamoo. Huku Bukene jua linachoma, lakini michembe, viazi vitamu vya kukausha, ni mitamu ajabu.

Watafiti wenzangu wamefaidi. Bibi mwenyeji wetu kamweleza daktari anavyotibu homa, kamweleza mwalimu anavyowafundisha wajukuu kuhesabu. Nilipoulizia nyimbo za kubembelezea watoto, akataka kujua kabila langu.

"Mzaramo, bibi."

"Kumbe mtani! Basi imba kwanza wa mama yako."

Nikakwama mstari wa pili. Akaninyang'anya sahani ya michembe: "Wa kwenu huujui, unafuata wa kwetu! Utakula ukiumaliza."

Kadi hii ikifika, nipigie uniimbie wote. Nikisinzia katikati, usikate simu.

Mwanao,
Mwajuma