Nusu ya Majani Niliyoachiwa

Songea, Jumamosi, 18 Oktoba

Baba Menas,

Joto la leo halina huruma. Upepo unavuma tangu asubuhi, na anga lote la upande wa Peramiho lina rangi ya majivu kwa sababu kila mtu anachoma shamba lake. Nimekaa kuandika mara mbili, nikainuka. Mara ya kwanza nilitoka nje kunusa moshi. Mara ya pili nilitoka kunusa tena.

Situlii.

Wanaosoma blogu hii wanajua kwamba Jumamosi ijayo ni misa yako ya mwaka. Sikuwaambia kwamba leo ndugu zako walikuwa waje kusafisha shamba na kaburi, kama tunavyofanya huku kabla ya misa, ili wageni wakute mahali pa marehemu panapendeza. Ni jambo jema, na togwa nilishapika. Tulikubaliana nitangulie mimi, wao waje jua likishapanda.

Nilipofika, moshi ulikuwa umeshatanda.

Shemeji Kanisius, mdogo wako, alinihurumia. Aliona si vizuri mjane akute kazi yote inamsubiri, basi akaja mapema na watu wake, wakatia moto kuanzia bondeni. Na unawajua watu wetu. Wakishatia moto majani mwezi huu hawasafishi tu. Walikuwa wamejipanga na fimbo kusubiri panya. Dada yako, wifi Gaudensia, alikuwa ameshapata wanne, akaniambia nisihangaike, kitoweo cha mchana kipo.

Nilitua ndoo ya togwa njiani nikakimbia. Mimi, na magoti haya.

Naeleza kwa wale ambao hawakumjua. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu aliuacha mteremko wa juu wa shamba letu bila kuulima, nasi wote tukadhani amechoka. Kumbe alikuwa anaangalia vipepeo. Si wale wakubwa wa kupendeza. Hawa ni wadogo, wa kahawia, wana mwili mnene na kichwa kikubwa, ukiwaona haraka utasema ni nondo. Hawapepei kwa madaha. Wanachomoka kama jiwe la manati, wanatua, wanachomoka tena. Yeye aliwaita warukaji. Wakiota jua huyalaza mabawa ya nyuma na kuyainua ya mbele nusu tu, kama mtu ambaye hajaamua akae au aondoke.

Viwavi wao hula nyasi. Kiwavi hulikunja jani na kulishona kwa uzi wake mwenyewe mpaka liwe kama bomba, akaishi humo ndani. Wengine hukaa humo kiangazi chote wakingoja mvua. Moto ukipita, panya anakimbia. Kiwavi hana pa kukimbilia.

Ulinieleza hayo ukiwa umechomeka suruali ndani ya soksi kwa kuogopa upupu, na kifuniko cha kalamu mdomoni, kwa hiyo maneno mengine niliyakisia. Hukusema moto ni mbaya. Ulisema nyasi zenyewe zinauhitaji mara mojamoja, la sivyo vichaka vitazimeza. Ila uchome kipande hiki mwaka huu na kile mwaka mwingine, tena mapema, majani yakiwa bado na ubichi, ili waliosalia upande mmoja waje kuzaliana upande wa pili.

Leo moto ulikuwa umeshakula bonde lote na unapanda kuelekea kaburini kwako. Nikamfuata Kanisius, nikamwomba uishie hapo, huko juu asichome.

Akaniangalia kana kwamba nimeugua ghafla.

"Shemeji, watu wanakuja. Wakikuta kaburi la kaka limezingirwa na majani ya kiunoni, watasema tumemtupa. Na wa kwanza kusemwa ni wewe."

Hapo alisema kweli, na ndipo nilipoogopa. Mwaka wa kwanza wa ujane unatazamwa hadi unavyofagia uwanja. Ukicheka, umesahau. Usipocheka, unajionyesha.

Wifi Gaudensia naye hakuniacha.

"Wenzako wanafuga nguruwe, Mama Menas. Wewe umeona ufuge wadudu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Jirani mmoja anayelima mpunga bondeni akasema hao viwavi wanamlia mpunga wake. Sikumbishia. Wapo wanaokula mpunga kweli, nawe hukuwahi kulificha hilo.

Nikataka kuwaonyesha. Nilitafuta jani lililoshonwa, nikalifungua. Tupu. La pili, tupu. La tatu nililishika nikaliachia bila kulifungua. Kama yumo, ningekuwa nimembomolea nyumba. Kama hayumo, ningelia mbele za watu.

Nikasema kile tu nilichokuwa nacho.

"Shemeji, mimi wadudu hawa sijawasomea. Lakini hapo ndipo kaka yako alipokuwa anashinda. Ukipachoma leo, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Kanisius akavunja tawi bichi akaanza kuupiga moto. Wengine wakamfuata, hata wifi, panya wake wakiwa wamefungwa kwenye ncha ya khanga. Moshi ulitutoa machozi sote, kwa hiyo yangu hayakuonekana. Moto ukafia chini kidogo ya kaburi.

Baadaye tulifyeka kwa mkono kulizunguka kaburi lote, tukapalilia mkanda mtupu juu kabisa ya mteremko ili moto mwingine usivuke. Ukisimama barabarani sasa unaona msalaba wako umesimama peupe, na nyuma yake majani marefu. Hapaonekani kama pametupwa. Kwangu ni kama mtu aliyeegemea ukuta wake.

Tulipokunywa togwa, Kanisius akaniambia ni mwaka huu tu. Watu wakisema, mwakani atachoma mwenyewe na hataniuliza. Nikakubali. Ningefanya nini?

Kwa hiyo nina nusu. Nusu ya chini ni nyeusi, na sijui ni wangapi walikuwa humo. Leo sikuona mrukaji hata mmoja. Huenda nimegombana na ndugu zako kwa ajili ya majani matupu.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Hilo na upepo. Mwenye shamba la ng'ambo ya kilima bado hajachoma lake, na mkanda wetu ni mwembamba, cheche moja inauruka. Kesho nikitoka misa ya kwanza nitarudi na jembe niupanue. Wifi amesema atakuja, ingawa amesema kwa kucheka.

Mvua zikishika, majani mabichi yataanza huko chini palipoungua. Nitakaa pale kaburini nitazame kama kuna mrukaji yeyote atakayeteremka kutoka juu. Wakija, nitamwita Kanisius aone. Wasipokuja, sijui nitamwambia nini.

Sisi Jumamosi tutakukumbuka kwa jina, altareni. Nawe huko uliko, Baba Menas, unikumbuke.