Mhudumu wa Kucha

Dada yangu mpendwa,

Huku sote wazima, na lile koti ulilotuma limenikaa vizuri. Nasikia umewatangazia watu kwamba mimi ni mhudumu wa kanisa, sasa wananingoja nije nihubiri. Waambie ukweli: huduma yangu ni kukata kucha za miguu za wazee wasioweza kuinama. Nina beseni langu, na hakuna anayenifikia kwa wepesi wa mkono.

Jumanne ikawa zamu ya baba. Tangu niolewe bila ruhusa yake, hakuwa amenisemesha. Nikamwosha mguu wa kulia. Nilipoufuta, akanyoosha wa kushoto mwenyewe, akasema, "Huu una sugu, mwanangu. Taratibu."

Usiniombee cheo kingine, dada. Hiki kimenitosha.

Mdogo wako wa beseni