Abba, Sanduku Lako la Fyuzi Nimeling'oa

Abba,

Salaam aleikum. Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba hapa barazani, na kabla hujasikia kwa mwingine naomba usikie kwangu: lile sanduku lako la fyuzi nimeling'oa. Ubao, fyuzi za kauri, swichi kubwa ya chuma, vyote viko ndani ya gunia. Usinikunjie uso. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka siku niliyorudi na cheti changu cha ufundi wa stima? Wewe, uliyefunga stima nusu ya mtaa huu bila cheti chochote, ulikishika kwa ncha za vidole, ukakisoma juu mpaka chini, ukasema, "Sasa stima ikikushika, hii karatasi itakusaidia aje?" Nilicheka na kukasirika kwa pamoja. Tangu hapo kila nikija nyumbani nilikuomba tuweke sanduku la kisasa, lenye swichi zinazojizima zenyewe. Ukakataa. Ulisema fyuzi ni mwaminifu, waya wake mwembamba unakubali kuungua ili nyumba isiungue. "Nikiondoka ufanye unavyotaka." Basi umeondoka, Abba. Sikujua ruhusa yenyewe ingeniuma hivi.

Wiki ya pili baada ya mazishi nilikuwa natandika kitanda cha Mama, mkono wangu ukagusa ukuta chini ya sanduku lako la fyuzi. Ulikuwa na joto. Nikainama nikanusa: plastiki inaungua polepole. Friza ilikuwa inanguruma upande wa pili wa ukuta, imejaa maziwa ya ngamia ya wanawake wa kikundi cha Mama, na yeye analala kichwa chake hatua moja tu kutoka pale.

Nikasema tubadilishe kesho yake. Mama akasema yuko eda, na mwanaume wa nje hataingia chumbani mwake mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Nikamwambia fundi si mwanaume wa nje, ni mimi, binti yake. Bado akakataa. "Hiyo ni kazi ya mkono ya baba yako. Wacha ikae." Akalia, nami nikalia. Nikachomoa friza. Kutoka sokoni nikakuta imechomekwa tena. Siku tatu tulichezeana hivyo, mimi nachomoa, yeye anachomeka. Siku ya nne nilimpandishia mama yangu sauti, Mungu anisamehe. Nilimwambia nimekuzika wewe, na yeye sitamzika kwa sababu ya ubao.

Akakubali shingo upande, na maziwa tukayahamishia kwa jirani. Watu wa stima wakakata kwenye nguzo, hawakuvuka lango. Ndani nikafanya mwenyewe, kwa testa yako na plaisi yako iliyofungwa tepu nyekundu. Nilipochomoa fyuzi ya friza sikuamini macho yangu. Badala ya ule waya mwembamba, kulikuwa na nyuzi nyingi za shaba zimesokotwa pamoja, zimetolewa kwenye waya wa pasi. Unajua vizuri kuliko mimi: waya kama huo hauungui, zinazoungua ni nyaya zilizo ukutani. Plastiki ya nyaya hizo ilivunjikavunjika mkononi mwangu kama ganda la karanga. Nyuma, ubao ulikuwa umegeuka mweusi.

Nilikukasirikia, Abba. Wewe uliyenichapa mkono nikiwa mtoto kwa sababu nilitaka kufunga fyuzi kwa msumari! Nikatoka na ile fyuzi mpaka barazani, alipokuwa amekaa baba mdogo Guyo, ndugu yako, pamoja na wageni wawili waliokuja kutupa pole. Nikawaonyesha. Nikasema, oneni, fundi mzima, na kidogo atuchome sisi sote. Guyo akatikisa kichwa, akatazama chini. Nikarudi ndani nikikugombeza moyoni kwa kila skrubu niliyofungua.

Kesho yake, baada ya alasiri, Mama alikuja akasimama nyuma yangu. Akachukua tochi, akanimulikia bila kuombwa. Kila nilipotaka mwanga nilikuta umeshafika. Nikakumbuka kwamba wewe pia alikumulikia hivyo, miaka yote. Ndipo akasema, "Si yeye. Hiyo waya ni mimi niliweka."

Ulikuwa umelazwa, Abba. Fyuzi iliungua, na maziwa ya watu yakaanza kuharibika. Hakutaka kukusumbua kitandani, wala kuita mwanaume nyumbani ukiwa hupo. Akafanya kama alivyokuona ukifanya, ila waya wako mwembamba hakuupata. Akakata wa pasi. Ulipokatika mara ya kwanza, akauzidisha, na mara hiyo haukukatika tena, akafurahi. Kule hospitali kila siku ulimuuliza, "Stima iko?" Naye kila siku akakujibu, "Iko sawa." Hivyo si eda peke yake iliyomfanya alilinde lile sanduku. Aliogopa nitaona. "Nilidanganya mgonjwa," akasema, akakaa kitandani akalia vile hakulia hata siku ya mazishi.

Nilimkumbatia na mikono yangu yenye vumbi la ukuta. Mtu anamtunzia mumewe usingizi, na kumbe analala kando ya moto.

Fyuzi zile nyingine nilizikagua moja moja. Kila moja ina waya wake sawasawa, skrubu zimekazwa, hakuna uzi uliochomoza. Kazi safi, Abba. Ni kazi ya mtu anayependa watu wanaolala ndani ya nyumba ile. Nisamehe. Nilikusema vibaya mbele ya watu ukiwa huwezi kujitetea. Nilimwendea Guyo nikamwambia nimekosea, kosa halikuwa lako, na sikumwambia ni la nani. Wale wageni wawili pia niliwafuata, mmoja mpaka Burat kwa miguu kwenye jua lile. Aliniangalia kama nimepata homa, akanipa chai.

Sanduku jipya ni jeupe na dogo, ungelicheka. Friza ina waya wake mpya na swichi yake. Kuna swichi moja inayokata stima ikihisi imepita kwa mtu, na nimempigia Mama chuma cha kupeleka ardhini stima inayovuja, nje ya jikoni, mahali pagumu kama kichwa chako. Ilibidi nimwage maji ndoo nzima kabla hakijaingia.

Eda ya Mama imeisha wiki iliyopita. Juzi alichomeka birika na jiko la stima kwenye soketi moja, swichi ikajizima papo hapo. Nilikuwa kazini. Simu ikalia. Zamani angetafuta waya. Safari hii alikuwa amekaa tu, hajagusa kitu. Akasema, "Fundi, stima imepotea. Nakungoja."

Fundi. Nyumbani jina hilo lilikuwa lako peke yako. Nilishuka kwenye ngazi, nikaketi kwenye kokoto mbele ya wenzangu wote, nikalia kwa sauti.

Abba, nakuaga sasa, maziwa yamefika na Mama ananiita nibebe. Cheti changu hakikunifundisha kwamba watu humficha hatari fundi wanayemwogopa. Nakuahidi hivi: Mama hatanificha kitu tena, kwa sababu sitamfokea tena. Akiharibu ataniambia, nami nitakuja, nitatengeneza, na chai nitakunywa.

Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lako.

Binti yako,
Talaso