Jina la Obidi wa Mapato

Mwaka umetimia leo, Obidi, tangu ulipotutoka katika chumba cha marehemu mama yetu, dirisha likiwa wazi, na mji mzima huko nje ukila na kuimba.

Tunakuandikia gazetini badala ya kukuombea kimyakimya kwa sababu kila Eke, siku ya soko kubwa, wanawake wa Ezi-Okwa hulitaja jina lako kisha hutema mate. Wewe uliko pengine husikii. Sisi tunasikia. Wanasema ulitia saini karatasi iliyowauza. Leo tunalitoa jina lako kwenye karatasi hiyo, na tunajua kulitoa hakutakuwa bure.

Gavana alipokuteua kuwa mwenyekiti wa mapato ya jimbo, nyumba ilifurika. Watu ambao hawakuwahi kukusalimu tangu mlipoachana shule ya msingi walileta mbuzi na kreti za bia, wakalipia kurasa nzima za pongezi zenye picha yako na kofia nyekundu ya uchifu. Ukaamuru vyote virudishwe. Mke wako Uzoamaka akakuuliza, "Na yule mbuzi wa tangu asubuhi? Nikamimine supu yake mlangoni kwao?" Ukacheka, ukala, na keshoye ukawapelekea wenyewe bei ya mbuzi.

Siku hiyo kaka yako Polycarp, aliyekuwa ametoka kuzurura kwake Gabon, alikuuliza kama kazi hiyo ni ya serikali au ya Gavana. Ulimjibu, ukimwita Dee kama tuwaitavyo wakubwa wetu, jambo ambalo bado tunalo: "Gavana kaniteua kwa karatasi, Dee, na ataniondoa kwa karatasi. Zilizo katikati ni zangu."

Asubuhi ulikula okpa ya moto, ule mkate wa njugumawe, umesimama kando ya muuzaji, tai umeitupia begani isichafuke. Hukupenda kuitwa Mheshimiwa. Ukiitwa hivyo uligeuka nyuma kutazama ni nani aliyekuja. Na kila Eke ya kwanza ya mwezi ulikaa sokoni kwenye benchi, bila mlinzi, ukisikiliza malalamiko mpaka jua linapokuwa kali.

Kabla yako vijana wa mawakala wa ushuru walikuwa wakipita na marungu. Mwanamke asiyekuwa na cha kuwapa walibeba beseni lake, na kilichokuwa ndani walikula. Ukawaondoa. Ukaweka utaratibu kwamba muuzaji alipe mara moja kwa mwaka, apewe karatasi yake, na asiguswe beseni na mtu yeyote. Wa kwanza kulipa ulimfanya awe dada yako mwenyewe, Nwanyibuife, anayeuza kamba wakavu, mbele ya soko zima. Alikuhesabia pesa moja moja kwa makusudi, akawageukia wenzake. "Huyu nimembeba mgongoni akinikojolea," alisema. "Sasa amekua, ananitoza ushuru wa mgongo." Soko lilicheka. Siku ile wengi walilipa wakiwa bado wanacheka.

Lakini kulikuwa na mtu mwenye stendi zote za jimbo, ambaye mitaani anaitwa Okwute, yaani Jiwe. Masoko nayo yalikuwa yake kabla hujaja. Aliandaa karatasi ya kuyarudisha mikononi mwake kwa miaka kumi, masoko pamoja na stendi, na sheria ilitaka saini ya mwenyekiti wa mapato, si ya mwingine. Karatasi ilifika mezani kwako mara tatu. Ya kwanza ilikuja na salamu. Ya pili ilikuja na funguo za gari. Ya tatu ilikuja peke yake, haina salamu wala funguo, na ulimwambia Uzoamaka kwamba hiyo ndiyo iliyokutia baridi.

Uliirudisha mara zote tatu. Hukuandika hata sababu.

Wiki moja baadaye gari lako likakutwa uani na jani changa la mchikichi limefungwa mbele, kama gari linalopeleka maiti kwao. Geti lilikuwa limefungwa na mbwa hakubweka. Dereva wako Fidelis aliweka funguo chini, akasema hapandi. Wewe ukamwambia apande na jani aliache hapohapo. "Leo angalau vizuizi vitatupisha," ulisema. Na kweli vikawapisha. Njia nzima mpaka mji mkuu magari yalisogea kando, polisi wakavua kofia, mwanamke mmoja akapiga goti kwenye vumbi akajigusa kifua. Fidelis anasema mwanzoni ulikuwa ukicheka kiti cha nyuma. Walipofika nusu ya safari aligundua kicheko kimekoma zamani, akaogopa kugeuka kutazama.

Siku ya pili ya sikukuu ya viazi vikuu vipya uliitwa kula chakula nyumbani kwa Gavana. Okwute alikuwapo. Ulirudi Ezi-Okwa usiku huohuo ukisema tumbo linawaka. Hatusemi zaidi ya hapo, maana hatukuwa mezani.

Siku ya tatu ulikufa.

Wasiotoka kwetu lazima waelewe hapa. Ezi-Okwa, tangu kiazi cha kwanza kinapokatwa mpaka ngoma inaporudishwa ndani, siku kumi na mbili, hakuna kilio wala kaburi. Anayejulikana amekufa katikati ya siku hizo huhesabiwa ameitia doa ardhi. Hupelekwa msituni bila bunduki kulia, kofia yake ya uchifu hushushwa ukutani, na watoto wake hawamtaji kwenye dua. Ndiyo maana kila ukoo una siri ya namna hiyo, hata hao watakaotucheka. Mtu akifa siku hizo husemwa amelala. Huamshwa kufa ngoma ikiisha kuingia.

Nasi tulikulaza. Tulikuwa sita tu tuliojua, na tukala kiapo kwa chumvi. Fidelis alikupeleka mochwari ya mji wa mbali, gari bila jani lolote, redio ikipiga muziki. Majirani tuliwaambia umelazwa hospitali huko, umepewa dawa, unahitaji utulivu. Binti yako Olanma, mwenye sauti ya upole kama yako, ndiye aliyepokea simu za ofisini siku zote tisa. Baba anapumzika, alikuwa akiwajibu. Baba anawasalimu. Kazini kwako wakaamini, Ikulu ikaamini, na Okwute akaamini.

Ngoma ikaingia ndani, tukalia. Na kwenye mabango ya msiba tukaandika tarehe isiyo yako, ishirini na saba Agosti. Ulizikwa uani kwako kwa heshima zote, na Okwute alikuja na ng'ombe.

Mwezi mmoja baada ya mazishi vijana wenye marungu walirudi sokoni. Safari hii walikuwa na nakala ya karatasi. Chini ilikuwa saini yako, yenye ule mkia mrefu, na tarehe ishirini na nne Agosti. Okwute alieleza redioni, kwa huzuni nzuri, jinsi alivyokaa kando ya kitanda chako cha hospitali, jinsi ulivyoomba kalamu mwenyewe, hata ukamtania kidogo. Alisema ulimshika mkono ukamwambia, kazi ni yako sasa.

Obidi, siku hiyo ulikuwa na siku sita kwenye barafu.

Hawakujua. Hilo ndilo kosa lao. Walichukua uongo wetu wakajenga juu yake, nao ukawabeba vizuri mwaka mzima. Kila tulipotaka kusema, bango letu wenyewe lilitufunga mdomo.

Beseni la kwanza walilobeba lilikuwa la Nwanyibuife. Kijana alimwonyesha karatasi akamwambia, "Mama, mlalamikie ndugu yako. Si huyu kasaini?" Wenzake, walewale waliocheka wakilipa, wakamgeuzia mgongo. Sasa hakuna anayekaa naye benchi moja. Akipita wanalitaja jina lako polepole, ili asikie lote. Naye ana kiapo cha chumvi mdomoni.

Mwezi uliopita alitukusanya akasema kiapo hicho anakitema. Dee Onuigbo, mkubwa wa ukoo, aliitwa kutushauri. Alikuwa mmoja wa wale sita. Alisikiliza mpaka mwisho, akavunja kokwa ya kola, ile inayoliwa kwa kukubaliana, hakuila.

"Mkisema siku aliyokufa," alisema, "nami nitalazimika kusema nilijua. Watashusha kofia. Watamtoa uani wampeleke msituni. Mtaliokoa jina lake na kaburi mtalipoteza. Mmelifikiria hilo?"

"Kaburi lake halijatemewa mate, Dee," Nwanyibuife akamjibu. "Jina linatemewa kila Eke."

"Na hao wenye karatasi? Walio hai mmewafikiria?"

Uzoamaka alikuwa anatazama nje ya dirisha. Tangu Juni kuna gari lisilo na namba linasimama ng'ambo ya barabara kila baada ya ibada ya Jumapili. Haliteremshi mtu. Wiki mbili kabla ya kikao hicho alikuwa amekuja mgeni mwenye suti, mpole sana, akasema serikali inataka kuupa ukumbi wa mapato jina lako, na kwamba ingependeza kumbukumbu ya familia iwe fupi, yenye picha na mstari wa Biblia. Aliuliza Olanma anasoma chuo gani, kisha akalitaja jina la chuo kabla hatujamjibu. Alimaliza soda yake, akashukuru.

Tulidhani Uzoamaka ndiye angesema basi, tunyamaze. Ana haki hiyo kuliko sisi. Alifunga pazia, akasema anamjua mumewe. Alisema ulilala naye miaka ishirini na sita, na kwamba ungekubali kulala msituni peke yako kuliko kulala uani juu ya mabeseni ya watu. Olanma akasema kama wanakijua chuo chake, basi wanajua pia pa kulisoma gazeti.

Dee Onuigbo akakiokota kipande cha kola alichokuwa amekiweka, akakila. Aliomba jambo moja tu, kwamba asiachwe nje ya majina.

Kwa hiyo tunasema, na anayesoma amsomee asiyejua kusoma, hasa sokoni.

Tuliandika uongo kwenye mabango. Tunaomba radhi kwa ardhi ya Ezi-Okwa, na faini ya ukoo tutailipa. Sylvanus Obidiegwu Anyaegbu, mwenyekiti wa mapato wa jimbo, alifariki Ijumaa tarehe kumi na nane Agosti, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Daftari la mochwari limeandikwa hivyo kwa mkono wa mtu asiye ndugu yetu, na nakala zake ziko kwa mawakili watatu katika miji mitatu tofauti. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikwa na dada yake mpaka ulipopoa. Haukuandika kitu tena.

Kesho ni Eke. Nwanyibuife atakwenda sokoni na beseni lake, atakaa kwenye lile benchi lako. Hatujui nani atakaa naye.

Wanaokukumbuka ni mkeo Uzoamaka, aliyekufumba macho. Binti yako Olanma, aliyejibu simu. Dada yako Nwanyibuife, aliyekushika mkono. Kaka yako Polycarp, aliyekuosha. Na Dee Onuigbo wa ukoo, aliyetuapisha. Dereva wako Fidelis tumemsihi jina lake lisiwemo kwa sababu ya watoto wake wadogo. Amekataa. Anasema ndiye aliyeendesha.

Tumeandika majina yetu wenyewe ili asisumbuliwe mtu mwingine. Geti tumelifunga, lakini tupo nyumbani.

Lala popote watakapokulaza, Obidi. Maadamu mmoja wetu amebaki, utakumbukwa.