Adi na Mamake

Garsen, Jumanne. Joto la leo halina adabu. Hata feni ya ofisini inapuliza moto. Lakini kinachonichoma ni kingine.

Nimemkosea mtu.

Mama Hawa ni mfugaji Muorma, anaishi nje kidogo ya mji. Ukame ulimwachia ng'ombe mmoja tu wa ukoo aliopewa na mamake siku ya kuolewa: Adi, yaani nyeupe kwa Kiorma. Alimnusuru kwa kumgawia uji wake mwenyewe. Kwake ndama jike hurithi jina la mamake, kwa hiyo kila Adi ana Adi nyuma yake. Ndama wa sasa ameahidiwa mjukuu wake, anayeolewa mwezi ujao.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa ndizi wa Kilelengwani, na kazi yangu ni kuchunguza vinasaba vya ng'ombe. Niling'oa nywele chache za mkia wa Adi, kisha nikapanda hadi mji wa Bangale kwa dadake Mama Hawa, ambaye naye alipewa ndama wa ukoo huohuo, nikang'oa za Adi wake pia. Kuna DNA ambayo ndama huipata kwa mama tu. Inaponakiliwa, mara mojamoja herufi hukosewa, na ukijua kasi ya makosa hayo unaweza kukadiria mama wa pamoja aliishi lini. Kwa vizazi vichache hivi, nilitarajia DNA za ng'ombe hao wawili zifanane kabisa.

Kompyuta ikasema mama yao wa pamoja aliishi maelfu ya miaka iliyopita.

Nami, kwa kimbelembele changu, nikaenda kumwambia Mama Hawa kwamba ng'ombe hao si wa ukoo mmoja. Hakubisha. Alisema tu, "Mimi nazalisha hii kwa mikono yangu." Mjukuu wake ananiambia tangu siku hiyo nyanyake hamwiti ng'ombe kwa jina, na habari za ndama wa harusi hazitajwi tena.

Jana nilirudia hesabu. Ili Mama Hawa awe mkweli na nywele nilizochukua ziwe sahihi, makosa ya kunakili yangelazimika kutokea kwa kasi ambayo ng'ombe hana. Basi kimoja kilikuwa uongo. Kwa nini nilikimbilia kumshuku yeye?

Nikampigia dadake. Siku ile hakuwapo nyumbani; nilimuuliza mchungaji mgeni Adi yuko wapi, akanishikia ng'ombe mweupe. Kumbe ni wa kununuliwa sokoni. Nilionyeshwa rangi, nikaandika jina.

Nimeona haya, kweli.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mama Hawa. Nilimwambia kosa ni langu, na kwamba ukoo wake hata sijaupima bado. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio.

"Wewe mtoto ya ndizi," akasema. "Kwetu nyeupe iko mingi."

Akageukia zizi, akaita, "Adi!"

Waligeuka wawili, mama na ndama.

Kesho napanda tena Bangale. Safari hii, kabla ya kutazama rangi, nitauliza mama yake ni nani.