Karata Nne Mkononi, Wazee wa Kanisa Mlangoni

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Nakuandikia nikiwa mezani petu hapa mtaani Bigo, karata ziko mbele yangu na mlango uko wazi. Wapitao na waone.

Wewe ndiwe uliyenifundisha poka, mchezo uliojifunza kwa baba yako, aliyewapikia wachimbaji wa kigeni kule Bambu. Vita vilipotufukuza Djugu, ukanifundisha mimi, mwalimu wa darasa la ubatizo. Tulichezea punje za mahindi, na kila nilipobabaika ulicheka: «Baba Neema, uso yako inasema yote! Weye hauwezi danganya hata kuku.»

Lakini siku ile mchungaji alipotutembelea, nilizisukuma karata chini ya godoro. Alipoondoka uliniuliza taratibu, «Unaonea haya karata, ao miye?» Ulifariki kabla sijakujibu.

Ulitamani tujifunze poka nyingine, ile waiitayo Omaha, ambayo baba yako aliitaja tu bila kuijua: kila mchezaji hupewa karata nne, na tano huwekwa mezani kwa wote. Mwaka huu niliazimia kuitafuta. Nilianza na video za simu, ambamo vijana huahidi ushindi kabla hawajaeleza kanuni. Mafundisho ya namna hiyo siyaamini, hata yakitoka mimbarani. Kisha mdogo wako, Mama Rachel, akaniletea kitabu cha Kifaransa kutoka soko la Ariwara, kurasa zake za mwanzo zimenyofolewa. Penye pengo nilijaza kwa mazoea ya poka yetu ya zamani.

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, nilicheza na Mama Rachel; mezani palikuwa na karata nne zenye alama ya moyo, nami nilikuwa na moja mkononi. Nikatangaza tano za alama moja, nikakusanya mahindi yote.

Wiki iliyofuata nilipata kwenye simu mafundisho ya kweli. Yalianza na kanuni, yakaonyesha mchezo mzima karata kwa karata, yakatoa zoezi na sababu ya kila jibu, wala hayakunidai niweke dau. Humo nikasoma kwamba ni lazima utumie karata mbili za mkononi, si pungufu wala zaidi, pamoja na tatu za mezani. Mimi nilikuwa nimetumia moja tu, basi nikamrudishia Mama Rachel mahindi yake. «Shemeji,» akaniambia, «kumbe muhubiri iko mwizi ya mahindi!» Tulicheka hadi machozi, kisha nikatafsiri mafundisho yale yote kwa Kiswahili katika daftari.

Habari za daftari hilo zikaenea. Jumanne walikuja wazee watatu wa kanisa, nami safari hii sikuficha kitu.

«Muzee, choma hiyo kaye yako ya poka na hizo karata,» akasema mkubwa wao, «ao uache darasa ya ubatizo.»

«Kamari iko wapi, ndugu yangu?»

«Leo mahindi, kesho franka.»

«Na vile vizibo munachezea dama nyuma ya kanisa,» nikamwuliza, «bia yake nani alikunywa?»

Mmoja wao alikohoa, akatazama paa.

Nililipenda darasa lile, mke wangu. Nimewasimamisha majini watoto ambao leo wanawaleta watoto wao. Hata hivyo niliingia chumbani, nikatoa orodha ya wanafunzi wangu wa ubatizo, nikawakabidhi wazee kwa mikono miwili. Daftari la poka limebaki. Dhambi zangu naziungama kwa Bwana kila asubuhi, na wewe hukuwa mojawapo. Hilo ndilo jibu langu, ingawa limechelewa.

Jumapili nitaketi pamoja na waumini wote, nami nitaimba kwa sauti ileile. Na Jumamosi wanakuja wajane wawili kutoka kambi ya wakimbizi wa ndani, ambao wameomba kufundishwa poka. Nitawafundisha mchana kweupe, na nitaanza na kanuni.

Pumzika kwa Bwana, mama.

Mume wako, ambaye bado ni mwalimu,
Baba Neema