Kadi Iliyoingia Bila Mwenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo ndani ya jalada, kazini anaitwa Mama Zamu
Umri: miaka 49
Kazi: meneja wa ofisi, kampuni ya upimaji ardhi na ramani
Makazi: nyumba ya kupanga, nyuma ya karakana ya magari
Tarehe na saa: Jumamosi, 8 Machi, saa 4:10 asubuhi
Mbele ya: Sajini wa zamu

Leo saa 2:40 asubuhi mlinzi wa jengo letu alinipigia simu akaniambia kwamba mchoraji ramani wetu, ambaye ofisini tunamwita Dada Kimya, yuko mahabusu katika kituo hiki tangu jana jioni. Alisema anashukiwa kuiba kompyuta mpakato nne, kwa sababu mashine ya milango inaonyesha kadi yake iliingia ofisini Alhamisi saa 1:52 asubuhi na kufungua stoo saa 7:14 mchana. Nimekuja kwa hiari yangu kueleza kwamba siku hiyo Dada Kimya hakukanyaga ofisini. Kadi yake niliipitisha mlangoni mimi.

Tangu Juni mwaka jana tunafanya kazi siku tatu ofisini na siku mbili nyumbani. Tuko wafanyakazi thelathini na mmoja na meza kumi na nane, kwenye ghorofa mbili. Ratiba ya nani aje lini naipanga mimi, na ndiko lilikotoka jina la Mama Zamu. Hakuna mwenye meza yake, unakaa panapopatikana. Hata funguo za droo zilikusanywa ili mtu asijimilikishe meza. Kwa hiyo usipomwona mwenzako unadhani yuko ghorofa nyingine, au kwake, na huulizi.

Anayehesabu siku ni mashine ya mlangoni. Kila Ijumaa saa 10 jioni inapeleka ripoti kwa mkurugenzi, ambaye anaishi mji mwingine na tunamwona kwenye skrini tu. Asiyefikisha siku tatu jina lake linatokea kwa rangi nyekundu. Nyekundu mbili ni barua ya onyo. Barua mbili, unaondoka. Dada Kimya alipata barua ya kwanza Januari, mama yake alipoanguka bafuni akavunjika nyonga.

Mnamo Jumatatu, tarehe 3 Februari, kama saa 6 mchana, alinifuata kwenye jiko la ofisi nikiosha kikombe. Alisema, "Dada, mama hawezi hata kujigeuza kitandani. Jirani ananishikia saa chache tu. Nimemwomba mkurugenzi nifanyie kazi nyumbani mwezi mmoja."

Nikamuuliza, "Amesemaje?"

"Amesema akinipa mimi, kesho watakuja wote kuomba."

Ni mchoraji ambaye ramani zake hazirudishwi kusahihishwa. Nilimwambia, "Niachie kadi, mdogo wangu."

"Ukikamatwa je?"

"Nitasema uzee, nimesahau kadi ipi yangu."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka uanze.

Kuanzia kesho yake, kila Jumanne, Jumatano na Alhamisi, nilipitisha kadi yangu, kisha yake. Jioni nilifanya vivyo hivyo kutoka. Kutwa kadi ilikaa kwenye droo ya juu ya meza ya mapokezi, ninapokaa mimi. Droo hiyo nayo haina ufunguo. Wiki ya pili mlinzi aliniuliza, "Mama Zamu, mashine imelia mara mbili na mtu aliyepita ni mmoja. Umemeza mtu?" Nilimjibu kwamba nimenenepa. Hakuuliza tena.

Mimi pia ndiye niliyemshauri kwamba kwenye vikao vya mtandaoni aweke nyuma yake picha ya ukuta wa ofisi, ule wenye ramani kubwa, ili mkurugenzi asione kitanda cha mgonjwa. Alikuwa amezoea kufunga maiki kutwa, kwa sababu mama yake huita kila dakika. Jina la Kimya lilitokana na hilo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi, nilifika saa 1:51 asubuhi. Kadi yangu, kisha yake. Saa 7 kamili mchana niliingia kwenye chumba kidogo cha mikutano, nikafunga mlango, kwa kikao cha mtandaoni cha watu kumi na wawili. Mkurugenzi alimtaka Dada Kimya aeleze ramani ya bonde. Ilibidi afungue maiki. Akiwa katikati ya maelezo tulisikia sauti ya mwanamke mtu mzima ikisema, "Wewe, huyo baba aliye ndani ya kioo mbona hacheki? Hajala?" Watu walicheka. Mkurugenzi hakucheka. Aliuliza ni nani huyo. Nilijibu haraka kwamba ni mgeni wangu, amepotea njia akaingia ghorofa ya juu. Huo ulikuwa uongo. Alikuwa mama yake Dada Kimya, kitandani kwake, kilomita kumi na moja kutoka stoo yetu.

Kikao kilirekodiwa. Nimeisikiliza rekodi leo kabla ya kuja. Saa iliyo pembeni ya skrini inaonyesha Dada Kimya anazungumza mfululizo kuanzia saa 7:12 hadi 7:17. Stoo ilifunguliwa saa 7:14. Nimekabidhi rekodi hiyo kwenye flashi.

Saa 10:30 jioni kiongozi wa wapimaji alifungua stoo akakuta kompyuta nne hazipo. Saa 11:05 nilitoa kadi ya Dada Kimya kwenye droo niipitishe. Nilikuta upande wenye picha yake umelalia chini. Mimi huiweka picha juu. Niliona, nikaipuuza. Nilikuwa na haraka.

Nimekabidhi pia daftari langu la moto. Mimi ndiye msimamizi wa usalama. Moto ukitokea ni kazi yangu kuwaambia wazimamoto nani amebaki ndani. Daftari hilo naliandika kwa mkono kila asubuhi, kwa kuzunguka ghorofa zote mbili na kuwatazama watu kwa macho. Mashine niliidanganya. Daftari sikulidanganya hata siku moja, kwa sababu sikutaka mtu aingie kwenye moto kumtafuta asiyekuwemo. Kwenye ukurasa wa tarehe 6 nimeandika: "Kimya, nyumbani." Anayetoka mchana namkata jina, na baada ya wapimaji kutoka, waliokuwa ndani saa 7 mchana ni watu saba, mimi nikiwa mmojawapo. Sikumwona yeyote akifungua droo yangu na simtaji mtu.

Jana Ijumaa, saa 5 asubuhi, nikiwa nyumbani kwa zamu yangu, mkurugenzi alinipigia simu akauliza kama Dada Kimya alikuwa ofisini Alhamisi. Nilimjibu, "Mashine inasema alikuwepo." Hakunitajia stoo, nami sikuuliza. Nilidhani anahesabu siku. Afisa ameniuliza kama nilijua tayari kwamba kompyuta zimepotea. Ndiyo, nilijua. Ameniuliza kwa nini basi sikusema. Niliogopa kazi yangu. Sina sababu nyingine.

Mlinzi aliponipigia leo alisema, "Mama, yule uliyemmeza wamemfunga." Akaongeza kwamba jana jioni Dada Kimya aliitwa ofisini, naye akamsindikiza hadi hapa, na kwamba alipoulizwa kadi yake ilikuwa kwa nani, Dada Kimya alinyamaza. Ameulizwa mara tatu, mara tatu hakujibu. Angesema jina langu angelala kwake. Jirani ameniambia kwa simu kwamba amelala na mama huyo, na asubuhi amekataa chai mpaka mwanawe arudi.

Nikiwa njiani kuja hapa nilimpigia mkurugenzi nikamweleza yote. Alisema, "Jumatatu saa 2 asubuhi. Nitakuja mwenyewe." Itakuwa mara yake ya kwanza kuja tangu ratiba ianze.

Niliyoyaeleza ni yale niliyoyatenda, niliyoyaona na niliyoambiwa. Nimesomewa, nimesahihisha saa moja iliyokosewa, na natia sahihi bila kulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi amekabidhi flashi moja, daftari moja na kadi mbili za mlango, ya mshukiwa na yake mwenyewe. Aliposhauriwa kwamba yake anaweza kubaki nayo, alisema Jumatatu atabisha hodi kama mgeni. Rekodi imetazamwa na mkuu wa kituo. Mshukiwa ameachiwa saa 7:35 mchana. Shahidi alimsubiri kwenye benchi la mapokezi. Mshukiwa alipotoka alimwambia, "Dada, ulisema utasingizia uzee," na wakaondoka pamoja. Watu sita waliobaki kwenye daftari, pamoja na fundi wa mashine ya milango, wameitwa kituoni Jumanne, tarehe 11 Machi, saa 3:00 asubuhi.